Waya gani uende wapi: namna ya kuunganisha mikisa, amplifaya na spika

Mtambo wa sauti unapokoroma, unapokatakata au unapotoa sauti nyembamba isiyofika nyuma ya ukumbi, lawama huangukia kwanza amplifaya, kisha spika, na waya hutazamwa mwisho kabisa. Kwa maoni yangu mpangilio huo ungegeuzwa. Katika kumbi za harusi za Ilemela na Nyamagana jijini Mwanza, katika makanisa yenye kwaya na kinanda, na kwenye mikutano ya hadhara ya viwanja vya wazi kama Furahisha, mara nyingi utakuta vifaa vizuri vilivyonunuliwa kwa fedha nyingi, ilhali nyaya zinazoviunganisha zimeokotwa popote, zimeungwa kwa selotepu na kuchomekwa pale tu panapokubali kichwa chake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekabidhiwa mitambo, awe fundi wa kukodishwa au kijana wa kwaya aliyeambiwa aisimamie, ambaye angependa kujua kila waya unafanya nini kabla hajawasha swichi.

Jambo la kushika kabla ya mengine yote ni kwamba waya huchaguliwa kwa kutazama umeme utakaopita ndani yake. Kichwa cha waya, yaani kama ni jeki, XLR (cha pini tatu, kile cha maiki) au Speakon (cha spika, kinachofungwa kwa kuzungushwa), hutazamwa baada ya hapo.

Umeme wa aina tatu katika mtambo mmoja

Maiki hutoa umeme mdogo mno, milivolti chache tu, yaani sehemu chache za elfu moja za volti. Mikisa huupokea na kuukuza mpaka ufikie karibu volti moja. Vifaa vya kazi hupangwa kutoa volti 1.23, na vile vya nyumbani vyenye matundu ya RCA, yale madogo ya redio na deki, hutoa kiasi cha volti 0.3. Amplifaya nayo huichukua volti hiyo moja na kuipa nguvu ya kusukuma spika. Amplifaya inayotoa wati 400 kwenye spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) hupitisha katika waya wa spika karibu volti 57 na ampea 7, kiasi kinachotosha kumshtua mtu aliyeshika ncha zilizo wazi.

Kwa hiyo zipo nyaya za kubeba ujumbe na zipo nyaya za kubeba nguvu. Zile za ujumbe hubeba umeme mdogo unaoweza kuchafuliwa na chochote kilicho jirani, kwa hiyo zinahitaji kinga. Zile za nguvu hazichafuki kirahisi, lakini zinahitaji unene.

Hatari kubwa iko kwenye jeki ya milimita 6.35, ile kubwa inayotumika kwenye gitaa na kinanda, kwa sababu kichwa hicho hicho hufungwa kwenye waya wa ujumbe na kwenye waya wa spika. Ukiwa na nyaya mbili za namna hiyo na huna hakika ipi ni ipi, fungua vifuniko vya jeki zote mbili na utazame ndani. Katika mmoja utakuta uzi mmoja mwembamba katikati, umevikwa plastiki, na juu ya plastiki hiyo umezungukwa na wavu wa shaba uliosukwa au kusokotwa hadi kwenye ncha ya kulehemu. Huo ni wa gitaa. Katika mwingine utakuta nyaya mbili nene zinazolingana, kila moja na gamba lake, bila wavu wowote. Huo ni wa spika.

Ukiuweka waya wa gitaa kati ya amplifaya na spika, uzi wake mwembamba hula nguvu na kupata joto, na gamba likiyeyuka uzi hugusana na wavu na kuipiga amplifaya shoti. Ukifanya kinyume chake, ukauweka waya wa spika kwenye kinanda, utasikia mkoromo wa umeme wa nyumba, na pengine sauti ya kituo cha redio, kwa kuwa hakuna wavu wa kuzuia. Zitie alama baada ya kuzitambua: tepu nyekundu kwenye ncha zote mbili za waya wa spika, na tepu nyeupe kwenye waya wa ujumbe. Lililo bora zaidi ni kuhamisha spika zote kwenye vichwa vya Speakon, ambavyo haviwezi kuingia kwenye tundu la mikisa hata mtu akilazimisha.

Kutoka maiki hadi mikisa, na kutoka mikisa hadi amplifaya

Waya wa XLR una pini tatu. Pini ya 1 hushika wavu, pini ya 2 hubeba sauti kama ilivyo, na pini ya 3 hubeba sauti ile ile ikiwa imegeuzwa, kwamba pale ya kwanza inapopanda hii hushuka. Uchafu wa umeme unaoingia njiani huziingia njia zote mbili kwa namna moja, na kifaa kinachopokea huchukua tofauti kati ya pini ya 2 na ya 3. Sauti, kwa kuwa iko kinyume katika njia hizo, huongezeka, na uchafu, kwa kuwa uko sawa katika zote mbili, hujifuta. Hiyo ndiyo sababu waya wa XLR wa mita 30 au hata 50 hufika jukwaani ukiwa safi, wakati waya wa jeki ya kawaida au wa RCA, wenye njia moja na wavu tu, ni vema usizidi mita tano au sita.

Jeki kubwa nayo iko ya aina mbili. Yenye mstari mmoja mweusi karibu na ncha ina njia mbili; yenye mistari miwili ina njia tatu, na ikifungwa kwenye waya wa njia tatu kwa ajili ya mikisa au amplifaya hufanya kazi ile ile ya XLR. Kwa hiyo mikisa yenye matokeo ya jeki za mistari miwili inaweza kuunganishwa na amplifaya ya XLR bila hasara yoyote: ncha ya jeki huenda pini ya 2, pete ya katikati huenda pini ya 3, na shina huenda pini ya 1. Ikiwa mikisa ni ndogo na ina RCA peke yake, ncha ya RCA huenda pini ya 2, na wavu huenda pini ya 1 pamoja na ya 3 zilizounganishwa. Lakini hapo kinga ya njia tatu haipo tena, hivyo weka amplifaya karibu.

Waya utakaoelekea kwenye amplifaya utoke pale palipoandikwa MAIN OUT. Kwenye kumbi nyingi, ambako waliokaa kushoto hawasikii vizuri spika ya kulia, ninapendelea sauti moja kwa pande zote: tumia tokeo la mikisa linalochanganya kushoto na kulia (MONO), ingiza kwenye chaneli ya kwanza ya amplifaya, kisha geuza swichi ya nyuma kwenye PARALLEL ili chaneli ya pili ipokee ujumbe ule ule. Mgeni aliyekaa pembeni hatakosa nusu ya muziki.

Spika zenye amplifaya ndani, ambazo zimekuwa nyingi sana kwa ma-DJ, hupokea ujumbe wa mikisa moja kwa moja kwa waya wa XLR. Zisipewe kamwe waya unaotoka kwenye matokeo ya nguvu ya amplifaya, wala ya mikisa iliyojengewa amplifaya, kwa sababu tundu linalosubiri volti moja likipokea volti 57 huungua papo hapo.

Simu na kompyuta: kwa nini mwimbaji hupotea

Hili ninalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu hujitokeza mara kwa mara kwenye sherehe na huwachanganya hata wazoefu. Fundi anachomeka waya wenye jeki ndogo ya milimita 3.5 upande wa simu na XLR moja upande wa mikisa, wimbo unaanza, vyombo vya pembeni na mwangwi vinasikika, lakini mwimbaji ameyeyuka na besi imekuwa hafifu. Wimbo hauna kosa, wala simu.

Jeki ya simu hutoa sauti mbili, ya kushoto na ya kulia. Waya ule huipeleka ya kushoto kwenye pini ya 2 na ya kulia kwenye pini ya 3. Mikisa, kama ilivyoelezwa, huchukua tofauti kati ya pini hizo. Sauti ya mwimbaji na besi kwa kawaida huwekwa katikati, yaani ziko sawa kushoto na kulia, kwa hiyo mikisa huzifuta kana kwamba ni uchafu. Kinachobaki ni vile vilivyo tofauti pande mbili.

Dawa yake ni waya unaogawanyika, wenye jeki ndogo upande mmoja na vichwa viwili upande wa pili, ama RCA mbili au jeki kubwa mbili za mstari mmoja, kila kimoja na tundu lake. Ukitaka kufika mbali zaidi ya mita chache, weka kisanduku cha DI, kinachogeuza ujumbe wa jeki ya kawaida kuwa wa XLR, karibu na kompyuta kisha endelea na XLR. Na kabla hujachomeka kompyuta kwenye tundu lolote la XLR la mikisa, hakikisha kitufe cha 48V kimezimwa. Umeme huo ni wa kuendesha maiki za kondensa, na hauna kazi kwenye simu ya mtu zaidi ya kuiharibu.

Kutoka amplifaya hadi spika

Hapa ndipo unene unapohesabika. Chukua ukumbi ambao amplifaya iko mita 20 kutoka kwenye spika zenye omu 4. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo shaba yote ni mita 40. Ukitumia waya mwembamba wa taa wa milimita za mraba 0.75, karibu wati 19 katika kila 100 zinazotoka kwenye amplifaya huishia kuupasha moto waya. Ukitumia wa 1.5, zinapotea kama 10. Ukitumia wa 4, zinapotea kama 4. Lililo rahisi zaidi ni kuisogeza amplifaya jukwaani karibu na spika, kisha kuacha waya wa XLR ndio uwe mrefu kutoka kwenye meza ya mikisa. Waya wa ujumbe unavumilia umbali. Wa nguvu hauvumilii.

Unaponunua madukani katikati ya mji, usihukumu waya kwa unene wa gamba. Omba kuona ncha, kisha kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ambayo ukinzani wake ni karibu mara moja na nusu ya shaba halisi na hukatika upesi ukikunjwa kila wiki. Waya huo pia ni mwepesi mkononi kuliko unavyoonekana. Kwa nyumba unaweza kuvumilika. Kwa mitambo ya kuhamahama sishauri.

Kuhusu omu, tazama nyuma ya spika na nyuma ya amplifaya. Spika mbili za omu 8 kwenye chaneli moja hufanya omu 4, na nne hufanya omu 2, kiwango ambacho amplifaya nyingi haziruhusu. Wapo wanaoamini kwamba wakiunganisha spika ya kwanza na amplifaya, kisha ya pili na tundu la nyuma ya ile ya kwanza, wameiokoa amplifaya. Matundu mawili ya nyuma ya spika yameunganishwa sambamba ndani ya kasha, kwa hiyo kwa amplifaya hakuna tofauti yoyote: omu zimeshuka vilevile. Amplifaya iliyoandikwa omu 4 kwa kila chaneli ipewe spika mbili za omu 8 kila upande, basi.

Hali ya BRIDGE, inayounganisha chaneli mbili kusukuma sabufa (spika ya besi) moja, huifanya kila chaneli ione nusu ya omu za spika. Sabufa ya omu 8 huonekana kama omu 4 kwa kila chaneli. Ya omu 4 huonekana kama 2. Waya hufungwa kwenye ncha mbili nyekundu, ya chaneli ya kwanza na ya pili, na ncha nyeusi huachwa. Soma maandishi ya mtengenezaji yaliyo kando ya ncha hizo kabla ya kufunga, kwa kuwa ipi iwe chanya hutofautiana.

Kwenye Speakon ya njia nne, kwa kawaida spika hutumia 1+ na 1−, na 2+ na 2− hubaki bure isipokuwa kasha limetengenezwa kupokea besi na sauti za juu kwa njia tofauti. Zingatia pia chanya na hasi. Spika moja ikigeuzwa, ya kushoto inasukuma hewa wakati ya kulia inavuta, na besi hutoweka kwa aliyesimama katikati ingawa kila spika ikichezwa peke yake ni nzima. Kwa sabufa isiyo na amplifaya ndani, unaweza kujua kwa betri ya volti 1.5: chomoa waya upande wa amplifaya, gusisha chanya ya betri kwenye njia ya chanya na hasi kwenye ya hasi kwa nukta moja, na ngozi ya spika inapaswa kutoka nje. Ikiingia ndani, waya umegeuzwa mahali fulani.

Zile honi za juu ya mnara zina hesabu yake. Nyingi zina transfoma ndogo ndani na hufungwa kwenye ncha za amplifaya zilizoandikwa COM na 100V. Kwa volti 100, wati 100 ni ampea moja tu, ndiyo maana waya mwembamba hufika mbali bila hasara kubwa. Jumlisha wati za honi zote, na jumla isizidi uwezo wa amplifaya. Usichanganye honi hizo na spika za omu 8 katika ncha zile zile.

Mkoromo na waya wa ethi

Mkoromo wa chini usiobadilika ni umeme wa nyumba, wenye mizunguko 50 kwa sekunde. Mara nyingi chanzo ni hiki: mikisa imechomekwa soketi ya nyuma ya ukumbi, amplifaya soketi ya jukwaani, na kwa hiyo zina njia mbili za ethi (waya wa usalama unaoingia ardhini), moja kupitia kuta na nyingine kupitia wavu wa XLR, zikafanya duara linalonasa umeme. Lete umeme wa mikisa kutoka soketi ile ile ya amplifaya kwa ekstensheni ndefu, ukiacha nafasi ya futi moja hivi kati yake na nyaya za sauti, na pale zinapolazimika kupishana zipishane kama msalaba. Mkoromo ukibaki, weka transfoma ya kutenganisha, inayopitisha sauti bila kuunganisha nyaya za pande mbili, kati ya mikisa na amplifaya. Njia nyingine ni kuandaa waya mmoja wa XLR ambao pini ya 1 imeachwa bila kuunganishwa upande wa amplifaya peke yake. Utie alama wazi, kwa kuwa ukitumika kwenye maiki ya kondensa maiki haitawaka.

Kung'oa au kukata pini ya ethi ya plagi ni jambo ninalolipinga kwa nguvu zote. Mkoromo unaweza kunyamaza, lakini siku kifaa kikivuja umeme, volti 230 zitatafuta njia kupitia mkono wa mwimbaji aliyeshika maiki huku akigusa kinanda. Mwanza ina sababu yake ya ziada ya kuwa makini: kwenye miinuko kama Isamilo, Bugando na Mabatini, nyumba zimejengwa juu ya mawe, na fimbo ya ethi haiingii kwa kina katika mwamba, wala mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri. Soketi kuwa na tundu la tatu hakuthibitishi kwamba ethi ipo. Mwombe fundi umeme aipime kwa kifaa chake, hasa kwenye ukumbi utakaoutumia kila wiki.

Kuwasha, kuzima na kutunza

Unganisha kila kitu kukiwa kumezimwa na vitufe vyote vya sauti vikiwa vimeteremshwa. Washa mikisa, simu na vinanda kwanza, na amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, amplifaya iwe ya kwanza. Ukizima mikisa kabla yake, mshtuko wa kuzima hukuzwa na kupigwa kwenye spika. Inua sauti polepole, spika moja baada ya nyingine, ukisikiliza kila upande peke yake. Taa nyekundu ya amplifaya ikiwaka mfululizo, teremsha.

Ufukweni, adui wa kudumu ni unyevu. Mvua za ziwani huja ghafla, hivyo viungo vyote vya nyaya uwanjani viinuliwe juu ya matofali au vipande vya mbao, visilale kwenye nyasi, na radi zikianza kukaribia, zima na uchomoe plagi. Vichwa vilivyolowa vikaushwe kwa kitambaa na kuachwa wazi usiku kucha kabla ya kufungiwa sandukuni, kwa sababu kutu ya kijani kwenye pini ndiyo chanzo cha sauti inayokatakata wiki inayofuata.

Anayepanda meli na mitambo kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, achukue akiba: waya mmoja wa spika, nyaya mbili za XLR, fyuzi za amplifaya za ampea zilizoandikwa nyuma yake, chuma cha kulehemu na kipima umeme. Pima kila waya kabla ya safari, pini kwa pini, ukiukunjakunja karibu na vichwa wakati kipimo kinalia, maana huko ndiko unakokatika. Ule unaokatakata ufungwe fundo na utengwe siku ile ile, usichanganywe na mizima mpaka umekatwa ncha na kulehemiwa upya.